Kocha wa Marekani akifungua akaunti yako: mwongozo kutoka saiba ya Umoja

Nina saiba Umoja, ghorofa ya chini, ukuta mmoja na mama wa chapati. Asubuhi ni foleni ya watu wa KRA na eCitizen. Kuanzia saa kumi jioni huja vijana wenye jezi begani na simu zilizopasuka vioo, wanataka niwakatie video. Wengi ni wa raga. Siku hizi wameongezeka wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu, na ile nyepesi ya kuchomoa utepe kiunoni ambayo itachezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Wote huja na swali moja: "Dada, kocha wa chuo cha Marekani amelaiki video yangu. Sasa nifanyeje?"

Huwa namwambia aketi kwanza.

Mambo haya sikuyasomea. Niliyajua kwa kuharibu akaunti ya mdogo wangu, aliyekuwa senta wa raga katika shule moja ya bweni: kilo 95, na mbio za mchuuzi aliyeona kanjo. Nitafika kwenye kisa chake. Kwanza lazima ujue kocha anafanya nini na hiyo simu yake, kwa sababu usipomwelewa yeye utapamba akaunti bure.

Kwa nini wanatupekua mtandaoni

Mkimbiaji hujitambulisha kwa saa. Henry Rono alipokuwa mwanafunzi wa Washington State alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, ndani ya siku 81, na muda wake ulijieleza wenyewe popote ulipoandikwa. Mchezaji wa mpira hana namba ya hivyo. Lazima aonekane akigeuka, akiangusha mtu, akiinuka. Kocha naye hawezi kupanda ndege kuja kumtazama kijana mmoja Nairobi. Hata kwao kwenyewe, kalenda ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ina vipindi ambavyo haruhusiwi kabisa kukutana na mchezaji uso kwa uso, ilhali simu na ujumbe vinaruhusiwa. Kwa hiyo vipindi hivyo anavimalizia kwenye kioo cha simu, na zaidi kwenye X, ile tuliyozoea kuiita Twitter.

Sasa sikiliza sheria, maana ndiyo inayokuchanganya. Katika futiboli ya vyuo vya daraja la kwanza, kocha haruhusiwi kukuandikia ujumbe wa faragha kabla ya Septemba 1 ya mwaka wako wa tatu wa sekondari kwa hesabu ya Kimarekani, yaani darasa la kumi na moja kwao. Hadharani, tangu Agosti 2016 anaruhusiwa kulaiki na kusambaza chapisho lako, lakini haruhusiwi kuweka maoni chini yake. Kubofya ruksa, kuandika marufuku. Ndiyo maana unaona mtu mzima wa miaka hamsini, kocha wa watu mia, analaiki picha yako ukiwa unanyanyua vyuma na hasemi neno. Si kwamba anaringa.

Lakini usianze kuaga majirani. Laiki haimgharimu kitu, na vyuo vikubwa vina wafanyakazi wa kazi hiyo tu: wa kutafuta majina, wa kukata video, wa kuchora mabango. Lile bango la rangi lenye sura yako ndani ya jezi yao, lililomfanya mama yako alie, huenda limetumwa kwa vijana wengi siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe nakutengenezea la aina hiyo kwa shilingi mia mbili. Hata mwaliko wa kambi ya mazoezi usiusome kama ofa ya ufadhili wa masomo. Kambi hulipiwa, na wanaoalikwa ni wengi.

Dalili ninayoiamini mimi ni moja: ameomba ripoti fomu. Kocha anayetaka kuona alama zako za hisabati na Kiingereza tangu kidato cha kwanza anaanza kupima kama utaruhusiwa kucheza. Daraja la kwanza linadai masomo 16 ya msingi na wastani wa 2.3 kwa kipimo chao cha hadi 4. Kocha mwenye shughuli hapotezi muda kwenye karatasi za mtu asiyemtaka. Baada ya hapo ndipo hupigwa simu, ndipo hutajwa ofa. Ofa ya mdomo haimfungi mtu, si wewe si yeye. Ya maandishi haitoki kabla ya Agosti 1 ya mwaka wako wa mwisho, na kusaini ni Desemba, tangu utaratibu huo uanze 2017, au Februari.

Kuna jambo lililokuwa likinishangaza: kwa nini vijana wa Kimarekani hujitangazia wenyewe kila ofa, kwa maneno yaleyale ya kumshukuru Mungu? Ni kwamba chuo hakiruhusiwi kumzungumzia mchezaji hadharani kabla hajasaini. Basi kijana ndiye anayekifanyia matangazo, bila malipo. Siku kijana akikubali, utaona kocha ameweka picha ya mnyama wa timu au cheche za moto peke yake, na mashabiki wote wanajua amempata mtu ingawa jina halijatajwa. Ukianza kuzisoma hizo alama utajua pia chuo kipi kimeshajaza nafasi yako, na hiyo ni habari ya maana kuliko laiki kumi.

Kupanga akaunti

Hebu mfikirie kocha wa Ohio saa nne usiku, amechoka, anapitisha kidole. Kwetu wakati huo ni saa kumi na moja alfajiri kama kwao ni majira ya joto. Akifika kwako ana sekunde chache. Akute nini?

Jina lako halisi, lile lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Nimeletewa akaunti za "Simba wa Kayole" na "Mtoto Mbaya 254"; huyo kocha atamwandikia nani? Chini ya jina weka mwaka utakaomaliza shule, nafasi unayocheza, urefu, uzito, shule, na Nairobi, Kenya. Urefu uandike kwa futi na inchi, uzito kwa pauni, kwa sababu hatakaa kukupigia hesabu. Sentimita 188 ni futi sita na inchi mbili. Kilo 95 ni kama pauni 209. Na usidanganye. Wakikuita kambini kitu cha kwanza wanachotoa ni utepe wa kupimia. Kama umetoka raga na hujui utachezea wapi, andika ATH. Wao huitumia kwa mwanamichezo asiye na nafasi moja, na wala si aibu. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alitoka raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts, timu ya kulipwa ya futiboli hiyo, mwaka 2013.

Namba ya simu ianze na +254. Na ingia kwenye mipangilio ya X uruhusu ujumbe kutoka kwa mtu yeyote. Hili nalirudia kila wiki. Kijana analia kwamba makocha hawamwandikii, kumbe mlango ameufunga mwenyewe kwa ndani.

Halafu fagia. Mwaka 2014 Herb Hand, wakati huo kocha katika Penn State, aliandika hadharani kwamba amemwacha mchezaji kwa sababu ya anayoyaweka mtandaoni. Hakumtaja jina, lakini ujumbe ulifika kwa wote. Kwetu uchafu una sura yake. Matusi ya Kiswahili na Sheng mnadhani hawataelewa. Simu zao zina kitufe cha kutafsiri. Mbaya zaidi ni mikeka. Vijana wanabandika mkeka wa kubeti kama cheti cha kuhitimu, na NCAA inawakataza wanamichezo wake kubeti michezo. Futa yote, pamoja na zile ulizolaiki. Ukiona kazi ni kubwa, funga hiyo akaunti ufungue nyingine. Sekunde kumi zinatosha.

Video, mahali ninapopigania

Hapa ndipo mimi na wateja wangu hugombana.

Kijana ananiletea dakika kumi na nne. Dakika ya kwanza ni jina lake likiwaka moto, ndege ikitua, na wimbo ambao hata mama wa chapati aliomba nipunguze. Nakata vyote. Kocha anataka mchezo wako bora kabisa katika sekunde tano za kwanza. Dakika tatu zinatosha, klipu kumi na tano hivi, na ile unayoiona ya pili kwa ubora iwe ya pili, usiiweke akiba mwishoni. Hakuna atakayefika mwishoni. Kabla mchezo haujaanza simamisha picha kidogo na uweke duara kichwani pako, kwa maana watu thelathini wenye soksi zilezile wanafanana wote. Usipunguze kasi ya picha ili uonekane wa ajabu. Anataka kuiona kasi yako ilivyo. Pandisha video Hudl, jukwaa ambalo makocha wao wamelizoea, kisha bandika kiungo juu kabisa ya akaunti ili kiwe cha kwanza kuonekana.

Kupiga picha kwenyewe, simu inatosha, ila ipande juu. Mdogo wangu tulimpigia kutoka kwenye ngazi za tangi la maji la shule, simu nimeifunga kwa leso kwenye bomba. Chini pembeni mwa uwanja unaona migongo tu.

Halafu kuna mbio za yadi 40, namba wanayoiabudu. Yadi 40 ni mita 36 na sentimita 58. Tuliazima utepe wa fundi wa ujenzi, wa mita tano, tukaupima mara saba kwenye murram, kisha mita moja na sentimita 58, tukachora mstari kwa unga wa ngano kwa kuwa chokaa ilikuwa imeisha. Kuku wa jirani wakaja wakala mstari. Tulipima mara ya pili. Video ile tuliipiga bila kuikata popote: utepe unaonekana, mistari yote miwili inaonekana, saa ya mkononi inaonekana. Kocha mmoja baadaye alisema aliiamini kwa sababu ya utepe. Muda uliopimwa kwa mkono wanajua unapendelea, wataupunguzia sifa wenyewe, lakini mstari uliopimwa mbele ya macho yao hauna ubishi.

Kisa cha kifundo cha mguu

Shule za bweni simu hakuna, hilo unalijua. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, muhula wa pili, kocha akaandika. Ujumbe wa faragha, jina la kijana limeandikwa sawasawa, swali la kweli: anacheza pembeni au katikati? Niliuona alfajiri, nusura niangushe kikombe.

Nikajibu. Nikajibu kama yeye.

Kwa siku kumi na tisa nilikuwa mvulana wa miaka kumi na saba. Nilizungumzia mazoezi, chakula, somo la fizikia. Siku moja nilichelewa kujibu kwa sababu stima zilipotea, nikasingizia nimeteguka kifundo cha mguu. Likizo fupi ya katikati ya muhula ikafika, tukapanga kuzungumza kwa video saa tatu usiku, ambayo kule ilikuwa saa nane mchana. Mdogo wangu ameoga, amevaa shati. Kocha anatabasamu, anauliza kwa upole: kifundo kinaendeleaje?

Mdogo wangu akamjibu kwa uaminifu wote aliofundishwa nyumbani: "Kifundo gani?"

Kocha hakufoka. Alimaliza mazungumzo kwa heshima, na kufikia Jumapili alikuwa ameacha kutufolo.

Fanya hivi badala yake. Kwenye maelezo ya akaunti andika wazi: mchezaji yuko shule ya bweni, simu haziruhusiwi, akaunti inasimamiwa na dada yake, mwenyewe anapatikana likizo ya Agosti. Taja tarehe. Kocha akiandika, jibu kwa jina lako: mimi ni dada yake, nimepokea, nitamfikishia siku ya kutembelewa, jibu lake utalipata tarehe fulani. Kisha hakikisha linafika tarehe hiyo. Kocha wa pili aliyetuandikia alisema hajawahi kuona kijana asiye na simu kwa miezi mitatu, na kwa sauti yake nilijua amefurahi. Sasa mdogo wangu yuko katika chuo cha miaka miwili huko Kansas. Vyuo hivyo haviko chini ya NCAA, ni njia ya kupitia, na anavumilia upepo wa kule kwa shida.

Pesa na matapeli

Kabla sijaanza kufanya mwenyewe, mama alimpa jamaa mmoja wa ofisi ya mjini shilingi 45,000 ili "atufikishe kwa makocha mia". Alitufikisha kweli: barua pepe moja, anwani zote mia zikionekana, na jina la mdogo wangu likiwa na kosa la herufi. Hakuna aliyejibu.

Kulipia huduma ya kusambaza video si kosa kwa sheria za NCAA, lakini malipo yanayotegemea wewe kupata ufadhili, au asilimia ya ufadhili huo, yanaweza kukufungia mlango. Ukisikia "utanilipa ukipata", ondoka. Ukiandikiwa na kocha, nenda kwenye tovuti ya idara ya michezo ya chuo, tafuta orodha ya makocha, linganisha jina na barua pepe. Anwani ya chuo cha kule huishia na .edu. Kisha mwandikie kupitia anwani uliyoikuta pale, uone kama anakufahamu. Kocha wa kweli hakuombi M-Pesa. Ada zipo, ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, pekee ni dola 350, lakini hiyo unailipia serikali ya Marekani mwenyewe kabla ya kwenda Gigiri kwa mahojiano ya viza.

Na hadithi za wachezaji wa vyuo kulipwa kwa majina yao, ambazo ni za kweli tangu Julai 2021, zisikuzuzue. Viza ya mwanafunzi ina masharti makali kuhusu kazi. Usimwahidi mzee nyumba.

Ujumbe wa kwanza

Usisubiri kuonekana. Wewe hukatazwi kumwandikia kocha wakati wowote. Wanaobanwa na tarehe ni wao. Chagua vyuo thelathini, vikiwemo vya daraja la pili na vya miaka miwili, usiweke vile vya kwenye televisheni peke yake. Katika kila chuo tafuta kocha wa nafasi yako, siyo kocha mkuu. Mfolo. Soma anachoandika kwa wiki moja. Kisha mwandikie kwa Kiingereza chepesi, sentensi nne: Habari Kocha fulani, kwa jina la ukoo, mimi ni nani, namaliza mwaka gani, nacheza nini Nairobi. Urefu, uzito, yadi 40. Kiungo cha video. Wastani wa alama zangu ni huu, na ripoti fomu ninazo tayari.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayowashtua, kwa sababu vijana wengi hawaiweki.

Tuma jioni ya kwetu, wakiwa ofisini. Akinyamaza, usimwandikie "habari" tupu kila siku kama mtu anayedai deni. Rudi baada ya mwezi ukiwa na kitu kipya: mechi, muda mpya, matokeo ya muhula. Akikulaiki, usimshukuru hadharani kwa mistari mitano. Mwandikie faraghani, neno moja la shukrani na kiungo. Akikujibu kwamba nafasi imejaa, mshukuru na umwombe akutajie mwenzake mahali pengine. Yule wa Kansas tulitajiwa hivyo.

Nafunga saa mbili usiku, Jumapili sifungui. Njoo na klipu kwenye flashi, zisizokatwa, na cheti cha kuzaliwa ili niandike jina sawasawa. Wimbo uache nyumbani.